Kuponya, kutibu, kuganga: sanaa iko wapi hapo?

Nimelisikia tena wiki hii. Mtu anaongea kwa moyo mweupe kabisa, "sanaa inaponya, wewe chora tu utapona", na anayeambiwa ni mgonjwa wa kansa, yuko katikati ya kemo, yaani zile dawa kali za kuua seli za kansa. Sina ugomvi na aliyesema manake nia yake ni njema, ila hili neno kuponya limeshabebeshwa mzigo usio wake na mwisho wa siku mzigo wenyewe unamwangukia mgonjwa, kwa hiyo ngoja niliseme kwa urefu mara moja.

Maana yenyewe kwa haraka. Kuna vitu viwili watu wanavichanganya. Kuna tiba ya sanaa, hiyo ni taaluma, mtu kaisomea na ana wa kumsimamia, anakaa na mgonjwa wanachora au wanafinyanga au wanakata karatasi, na yanayotoka yanazungumzwa, au hayazungumzwi, inategemea mgonjwa yuko tayari kwa lipi. Uingereza jina la kazi hiyo linalindwa na sheria, huamki tu asubuhi ukajiita. Halafu kuna mgonjwa anayechora, anayeshona, anayeandika mashairi, anayepiga gitaa kitandani, bila mtaalamu yeyote, kwa sababu anataka. Vyote viwili vina faida yake na sivipingi hata kidogo. Ila si kitu kimoja, na hakuna hata kimoja kinachoua seli ya kansa. Basi, hiyo ndo maana. Sasa tuje kwenye maneno, manake hapo ndo panaponiuma.

Anza na kupona. Ukisema "mtumbwi ulizama, wakapona watatu" hakuna atakayeuliza walitibiwa hospitali gani. Kupona ni kutoka salama, kuivuka hatari ukiwa hai, ndo maana mtu anaponea chupuchupu bila kumeza kidonge. Na angalia nani anapona: ni yeye mwenyewe. Sasa ukigeuza likawa kuponya, mtendaji anahama, panakuwa na kitu cha nje kinachomtoa mtu kwenye hatari na mtu mwenyewe anageuka mtendwa. Ni neno zito mno, ndo maana tumezoea kulisikia kwenye habari za miujiza. Ukisema sanaa inaponya, umesema kalamu ya rangi inamnyang'anya mtu kutoka mikononi mwa kifo. Wengi wanaolisema hawakumaanisha hivyo, najua, lakini mgonjwa husikia kile kilichosemwa.

Kutibu ni habari nyingine. Limetoka kwenye Kiarabu pamoja na nduguze tabibu na matibabu, na lenyewe haliahidi kitu. Mtu anaweza kutibiwa miaka kumi asipone na hakuna aliyemdanganya. Halafu katikati tunalo nafuu, neno zuri sana ambalo tunalidharau. "Mgonjwa anaendeleaje?" "Ana nafuu." Hakuna anayesikia hapo kwamba kapona. Nafuu lina undugu na manufaa, kwa hiyo ukisema kapata nafuu ni kama umesema kuna faida kaipata kwenye siku ya leo. Lugha yetu ilishapanga ngazi hizi zamani, sisi ndo tunaziruka zote tunakimbilia kuponya.

Na kuna kuganga, ambalo ndo nililotaka kulifikia tangu mwanzo. Mganga siku hizi linamletea mtu picha ya tunguri na hirizi, ingawa Tanzania mpaka leo daktari mkuu wa wilaya anaitwa Mganga Mkuu wa Wilaya na hakuna anayeshtuka. Ukifungua kamusi za zamani unakuta kuganga kumbe ni kufunga pamoja kitu kilichovunjika, kukikaza, kukiunga. Mpini umepasuka unauzungushia kamba, umeuganga. Haujawa mpya na ufa uko pale pale chini ya kamba, lakini unashikika na kazi inaendelea. Kutoka hapo neno likaenda kwa mfupa, kisha kwa mwili mzima. Tunasema pia kuganga njaa, na kila mtu anaelewa kwamba njaa haijaisha, imezuiwa tu mpaka kesho. Na ile methali ya yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, isikilize vizuri: unagangaje kitu ambacho hakijafika? Unajikaza, unajifunga kiuno, ili kikifika kikukute umesimama.

Hiyo ndo kazi ya sanaa kwa mtu anayeumwa sana. Inamganga.

Hata historia ya hiyo tiba ya sanaa yenyewe inasema hivyo hivyo. Aliyeanzisha jina hilo kwa Kiingereza ni mchoraji Adrian Hill, mwaka 1942. Yeye mwaka 1938 alikuwa amelazwa na kifua kikuu kwenye sanatoria moja, yaani hospitali ya kulaza wagonjwa wa aina hiyo, kusini mwa Uingereza, na wakati ule kifua kikuu hakikuwa na dawa ya kukiua, streptomaisini ilikuja kugunduliwa 1943. Matibabu yalikuwa kulala, hewa safi, kula vizuri, kulala tena, miezi na miezi. Hill akawa anachora vitu vilivyokuwa karibu na kitanda chake, baadaye akaanza kuwafundisha wagonjwa wenzake, na wanajeshi waliorudi vitani na majeraha. Kwa hiyo jina lilizaliwa kati ya watu waliokuwa wanasubiri, wasio na dawa, wenye saa nyingi mno za kutazama dari. Bakteria wa kifua kikuu walikuja kuuawa na antibiotiki, na hilo halipunguzi hata chembe alichokifanya Hill, manake yeye alikuwa anashughulika na zile saa.

Na lile neno la Kiingereza walilolitumia, therapy, ambalo sisi tumelitafsiri tiba, kwenye Kigiriki cha kale lilianzia kwenye kuhudumia, kuwa karibu na mtu na kumtumikia, ndo baadaye likaja kuwa kutibu. Yaani kwa Kiswahili lingekaa vizuri zaidi karibu na kuuguza. Muuguzi hapimwi kwa wangapi wamepona mikononi mwake, anapimwa kwa namna alivyokaa nao.

Huwa wanatajwa wasanii wakubwa kama ushahidi, na hapo napo panahitaji utulivu. Frida Kahlo, yule Mmeksiko, alipata ajali ya basi mwaka 1925 akiwa na miaka 18, mgongo na nyonga vikavunjika, na alianza kuchora kwa bidii akiwa kitandani, mama yake alimtengenezea ubao wa kuchorea akiwa amelala, na kioo kikawekwa juu ya kitanda ajione. Alichora maisha yake yote. Mgongo haukupona. Mwaka 1953 alikatwa mguu na 1954 akafariki, ana miaka 47. Ukisema sanaa ilimponya Frida unamkosea, manake unafuta maumivu aliyoyachora. Lakini yale makorseti ya plasta aliyofungwa kiwiliwili kumshikilia mgongo, aliyapaka rangi na kuyachora yeye mwenyewe, yaani kile kilichomfunga akakigeuza kuwa chake. Sijui mfano mwingine wa kuganga ulio wazi kuliko huo. Henri Matisse naye, mchoraji wa Ufaransa, mwaka 1941 alifanyiwa upasuaji mkubwa wa kansa ya tumbo huko Lyon, akabaki mtu wa kitanda na kiti cha magurudumu, kusimama mbele ya turubai ikawa shida, akachukua mkasi na karatasi zilizopakwa rangi akaanza kukata. Akaishi miaka 13 mingine na kazi zile za mkasi ni kati ya bora alizowahi kufanya. Aliyemtibu ni daktari wa upasuaji. Mkasi ulimpa cha kufanya na ile miaka.

Utafiti pia unatajwa sana, na kawaida ni ule wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, uliochapishwa 2016: watu 39, dakika 45 za kutengeneza sanaa, na karibu asilimia 75 yao homoni ya stresi, kotisoli, ikashuka mwilini, awe mzoefu au hajashika brashi tangu shule ya msingi. Nzuri sana na naiamini. Ila wale walikuwa watu wazima wenye afya zao na kilichopimwa kilikuwa stresi, hakuna uvimbe uliopimwa pale. Shirika la Afya Duniani kwa upande wa Ulaya lilitoa ripoti 2019 iliyopitia tafiti zaidi ya 3000 za sanaa na afya, na faida zimejaa humo, za wasiwasi, za upweke, za kuvumilia matibabu. Zote hizo ni nafuu. Kwa nini haturidhiki kuiita nafuu?

Sasa sanaa lenyewe. Kiarabu mzizi wake ni kutengeneza, kufanya kitu kwa mikono, na kwa mzizi huo huo Waarabu wanaita kiwanda. Halina habari ya kipaji ndani yake. Ni kutengeneza. Na hapa naomba msomaji asimame kidogo asikilize vitenzi vya hospitali: unalazwa, unapimwa, unachomwa sindano, unatundikiwa dripu, unapigwa mionzi, unapasuliwa, unafungwa bandeji, na siku ukiwa vizuri unaruhusiwa. Vyote vinaishia na wa. Mgonjwa anaweza kukaa miezi mitatu hajawa mtendaji wa kitenzi chochote zaidi ya kulala na kutapika. Halafu mtu anampa karatasi, na jioni anasema "nimechora". Nimechora! Hilo peke yake ni kubwa. Kwa hiyo ukija ukasema sanaa imemponya, yaani kaponywa, umeshamrudisha kule kule kwenye wa alikotoka kwa tabu.

Dada yangu alipokuwa kwenye kemo vidole vilikufa ganzi, ni jambo la kawaida kwa baadhi ya zile dawa, zinagusa mishipa ya fahamu. Penseli ikawa inamponyoka. Nikachukua bandeji nikaizungushia mpaka ikanenepa kama kidole gumba, nikakaza na mpira, akaweza kuishika kwa kiganja kizima. Akawa anachora ule mlingoti wa dripu, kila akitundikiwa anachora mlingoti, mistari inatetemeka, chupa mara kubwa mara ndogo. Siku moja akachora nyayo zake na kuzijaza nukta nyeusi tupu kuanzia kifundoni kwenda chini. Daktari alipopita akaiona iko juu ya shuka, akauliza hizi nukta ni nini. Akajibu, "hapo nikikanyaga sihisi sakafu". Na kila alipokuwa anaulizwa kuhusu ganzi alikuwa anasema kidogo tu, kwa wiki nyingi, kidogo tu, hataki kuwasumbua. Dozi ikapunguzwa wiki ile. Unaona hapo nani alitibu? Daktari. Na mchoro ulisema kile ambacho mdomo ulikuwa unaona aibu kukisema.

Ndo katika kipindi hicho akaja mgeni, mtu mwema kabisa, kabeba boksi la rangi nzuri za bei, akamwambia chora dada, sanaa inaponya. Akafurahi, akachora sana mwezi ule. Halafu skani ikaja, uvimbe umekua. Usiku nilikuwa nimekaa naye, taa zimeshapunguzwa, nikadhani kalala, akaniuliza, "Au nilikuwa nachora vibaya?"

Nilimwambia kazi hiyo haikuwahi kuwa ya penseli. Sijui kama iliingia. Madaktari wakabadilisha dawa, na yeye kwa siku kama nne hakugusa karatasi. Siku ya tano akaomba ile penseli yenye bandeji, zile rangi hakuzitaka, akachora mlingoti.

Kwa hiyo ndugu yangu unayeenda kumuona mgonjwa na umebeba rangi au uzi au daftari, peleka, tafadhali peleka, ni zawadi nzuri kuliko matunda ambayo tumbo lake halitaki. Ila ukimkabidhi sema nimekuletea hizi, ukitaka, na unyamaze hapo. Na baadaye ukitaka kuwasimulia wengine jinsi zilivyomsaidia, sema zilimganga. Na ukiona kuganga linakuletea wale wa tunguri, basi sema zilimpa nafuu, watakuelewa.