Mia kwa sitini, wabaki wangapi?

Juzi kijana anayesoma kompyuta alinifuata kibarazani, hapa Ng'ong'onha, Dodoma, laptopu mkononi. Ametengeneza programu inayopiganisha vikosi viwili: askari 100 kwa 60, silaha sawa. Alitarajia wenye 100 wakimaliza kazi wabaki 40. Kompyuta imempa 80.

"Mwalimu, nimekosea wapi?"

Hajakosea. Mwaka 1916 Mwingereza Frederick Lanchester, mhandisi wa magari, alionyesha kuwa pale ambapo kila askari anaweza kumlenga adui yeyote, nguvu ya kikosi hufuata mraba wa idadi yake. Mia mara mia ni 10,000. Sitini mara sitini, 3,600. Toa, inabaki 6,400, na kipeuo chake cha pili ni 80. Wachache wanapungua upesi, na kila anayeanguka anaondoka na risasi zake. Ili hao 60 watoshane na 100, kila mmoja wao awe na ubora wa karibu mara 2.8.

Ila 40 yake haikuwa upuuzi. Kwenye njia nyembamba, mkuki kwa mkuki, mtu na mtu wake, wengi hawawezi kumrundikia mmoja. Hapo kutoa kwa kawaida kunatosha.

Nikamkumbusha Lugalo, huko Iringa ukishavuka Mtera. Tarehe 17 Agosti 1891 msafara wa Zelewski, kamanda wa Kijerumani, ulikuwa na bunduki na mizinga, na Wahehe wengi walishika mikuki. Ukihesabu silaha tu, Mjerumani kashinda kabla hajaondoka kambini. Lakini msafara ulikuwa umejinyoosha njiani, vichaka pande zote, na Wahehe wakachomoka hatua chache tu kutoka kwao. Bunduki ya kufika mbali ina faida gani hapo? Zelewski mwenyewe aliuawa.

Basi akaongeza kwenye programu umbali wa kuonana na muda wa kushtuka. Kwa mita 300 wenye bunduki walishinda. Kwa mita 20 walianguka kabla ya kufyatua. Nikamwambia arudie mara elfu kwa bahati nasibu, maana pambano moja halisemi kitu.

Kilichobaki kilinichekesha: askari wake hawakimbii. Wanapigana hadi wa mwisho. Jeshi la hivyo nimeliona kwenye kompyuta tu. Akaandika kikosi kivunjike kikipoteza asilimia 30.

"Kwa nini 30?"

Akakuna kichwa. "Nimekisia, Mwalimu."

Nikamwambia aliandike hilo neno juu kabisa ya programu, kabla ya jina lake.