Eti wanaotaka amani Israel na Palestina ni watu wasiojua uchungu?

Kule vita ikipamba moto tu, magrupu yetu ya WhatsApp yanagawanyika kama Simba na Yanga, na ukitaja kwamba kuna Waisraeli na Wapalestina wanaohangaikia amani pamoja unachekwa. Majibu mengi ni ya kusikia sikia tu.

Linaloniudhi zaidi ni hili, eti hao ni watu wa maisha mazuri, hawajafiwa, ndo maana wana muda wa kuongea amani. Aisee. Kuna umoja unaitwa Parents Circle, ulianza 1995, na ili uingie lazima uwe umefiwa na ndugu wa karibu kwenye huo mgogoro, zipo familia zaidi ya 600 za pande zote mbili. Aliyeuanzisha, Yitzhak Frankenthal, mwanae aliuawa na Hamas 1994. Rami Elhanan, Mwisraeli, binti yake Smadar aliuawa kwa bomu la kujitoa mhanga Jerusalem 1997. Bassam Aramin, Mpalestina, alifungwa Israel miaka saba tangu ana miaka 17, akatoka, halafu 2007 binti yake Abir wa miaka 10 akapigwa risasi ya mpira na askari wa mpakani wa Israel, akafa. Rami na Bassam wanazunguka pamoja wanasimulia, na wanaitana ndugu. Sasa wewe uko Mbezi na bando lako unamwambia Bassam hajui uchungu?

Wengine wanasema Wapalestina hawajawahi kudai haki bila silaha. Tafuta habari za Budrus, kijiji cha Ukingo wa Magharibi ambacho mwaka 2003 ukuta wa Israel wa kutenganisha ulikuwa umeze mizeituni yao, mwanakijiji Ayed Morrar akaunganisha watu wa Fatah na Hamas, vyama viwili vya Kipalestina vinavyopingana, wanawake wakakaa mbele, Waisraeli nao wakaja kusimama nao, ukuta ukasogezwa. Kijiji kingine, Bil'in, waliandamana kila Ijumaa kuanzia 2005, mahakama ikawapa haki 2007, ila ukuta wenyewe umekuja kusogezwa 2011, ndo hivyo.

Halafu eti Oktoba 7, 2023, Hamas walipovamia Israel, ilimaliza yote. Siku ile hata sisi Tanzania tulipoteza vijana wawili waliokuwa mafunzo ya kilimo kule. Vivian Silver wa Women Wage Peace, kundi la wanawake wa Israel wanaodai amani, aliuawa kijijini kwake Be'eri karibu na Gaza, siku tatu tu baada ya wenzake kukutana na wanawake wa Kipalestina wa Women of the Sun kudai mazungumzo. Lakini Maoz Inon, aliyepoteza baba na mama siku hiyohiyo, yuko bega kwa bega na Aziz Abu Sarah ambaye kaka yake alikufa kwa mateso ya jela ya Israel. Na 2024 watu wa kundi la Standing Together, Wayahudi kwa Waarabu wa Israel, walienda kwenye kivuko cha Tarqumiya, Ukingo wa Magharibi, kulinda malori ya msaada wa Gaza yasishambuliwe na Waisraeli wenye msimamo mkali.

Ila kuna lawama moja siiti dhana potofu, Wapalestina wengi wanasema vikao hivi vinafanya ionekane pande zote zina nguvu sawa, na hawajakosea. Mpalestina wa Ukingo wa Magharibi anahitaji kibali cha jeshi ili ahudhurie kumbukumbu ya pamoja ya waliokufa pande zote, ya Combatants for Peace, kundi la waliokuwa wapiganaji wa pande zote mbili, huko Tel Aviv, mwenzake Mwisraeli anapanda basi tu. 2018 walinyimwa vibali, wakaenda Mahakama ya Juu wakashinda, 2019 wakanyimwa tena, ikabidi warudi mahakamani upya.