Kilichofutwa ni ada

Katika mkutano wa wazazi wa shule moja ya msingi pembezoni mwa jiji la Dodoma, mzee mmoja alisimama, akaiweka fimbo yake kando, akauliza: "Kama elimu ni bure, hili debe la mahindi mnalotudai limetoka wapi?" Akapigiwa makofi. Kauli hiyo nimekwisha kuisikia mara nyingi mno, nami naona heri niieleze.

Elimu bila ada ni utaratibu ulioanza Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ambao kwa huo wanafunzi wa shule za umma hawalipi ada hadi kidato cha nne. Kidato cha tano na cha sita viliongezwa mwaka 2022. Ada ya sekondari ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni. Maana yake ni hiyo tu.

Tatizo ni neno "bure". Ukipewa kitu pasipo kutoa fedha, umekipata bure. Ukihangaika kutwa nzima usipate kitu, umehangaika bure vilevile, na mtu asiye na faida tunamwita mtu bure. "Ada" nalo lina historia yake: asili yake ni Kiarabu, kwa maana ya desturi, ndiyo sababu hadi leo tunasema "kama ilivyo ada" bila kufikiria fedha. Kutoka hapo likawa jina la malipo ya desturi, kama yale aliyopewa mganga au kungwi, kisha likawa malipo yenye kiwango kilichopangwa. Hicho kiwango ndicho kilichofutwa. Sare, madaftari, kalamu, matibabu ya mtoto na chakula cha mwanafunzi wa kutwa vilibaki mikononi mwa mzazi, na Waraka Namba 3 wa mwaka 2016 ulivitaja, ingawa nakiri kwamba waraka huohuo, kwa kutumia maneno "bila malipo", haukuturahisishia kazi.

Walimu nao hawana budi kuliangalia neno lao, yaani "mchango". Kuchanga ni kutoa kidogo kidogo na wenzako ili jambo lenu litimie, kama tufanyavyo harusini na msibani. Mwenye kuchanga hutenda mwenyewe, ilhali mwenye kuchangishwa hutendewa. Binti yangu, akiwa darasa la tatu, aliwahi kurudishwa nyumbani saa tatu asubuhi akiwa na kikaratasi kilichoandikwa "mchango wa uji", akaukosa uji wenyewe na somo la hisabati pia. Huo haukuwa mchango, bali ada iliyobadilishiwa jina, na michango ya lazima ya namna hiyo ndiyo iliyopigwa marufuku na Rais Magufuli mwaka 2018.

Hata hivyo, mtoto anayetoka nyumbani alfajiri na kikombe cha chai ya rangi, akatembea hadi shuleni, ikifika saa sita huwa anautazama ubao bila kuuona, na hapo mwalimu hodari na mzazi mwenye nia njema wote wamekwama. Debe lile la mahindi, linalompikia chakula shuleni, ndilo dawa yake, ila lidaiwe kwa wakati wake. Kwetu mvua ni za msimu mmoja, na debe linaloombwa Februari, ghala likiwa tupu, si debe lile la Juni, uwele ukiwa bado uwanjani.

Baada ya mkutano nilimfuata yule mzee, nikamwamkia shikamoo, nikamweleza kwamba kilichofutwa ni ada, na kwamba mjukuu wake hatarudishwa nyumbani kwa ajili ya debe. Kama debe zima ni zito, aiambie kamati atatoa nusu, tena baada ya mavuno. Alifikiri kidogo, akauliza kama ni lazima yawe mahindi au hata uwele unapokelewa. Nikamjibu kwamba unapokelewa.