Megapikseli nyingi si lazima ziwe picha bora

Ujumbe huu haukosi kurudi kwenye magrupu ya WhatsApp: kamera ya megapikseli 12 imepitwa na wakati, iuze, nunua simu ya 108. Wapo wanaoamini, wakabeba kamera nzuri hadi katikati ya jiji la Nairobi na kuiachia kwa bei ya kutupa.

Si kweli. Megapikseli huhesabu nukta za picha (moja ni nukta milioni), hazipimi ubora wake. Picha ya megapikseli 12 ina nukta 4000 kwa 3000. Ukiichapisha kwa nukta 300 kila inchi, unapata karibu inchi 13 kwa 10, yaani picha ya kutundika sebuleni.

Kinacholeta tofauti zaidi ni lenzi, mwanga, na ukubwa wa kihisi, kile kibamba kinachopokea mwanga. Cha kamera ya fremu kamili, aina yenye kihisi kikubwa, ni milimita 36 kwa 24. Cha simu ni kidogo zaidi, kama ukucha, hivyo nukta nyingi zikibanwa humo kila moja hupata mwanga kidogo. Ndiyo maana baadhi ya simu za megapikseli 108 huunganisha nukta tisa kuwa moja, na unapewa picha ya 12 zilezile! Fungua maelezo ya picha kwenye simu yako uone vipimo vyake.

Kuchanganyikiwa si ujinga. Namba kubwa kwenye boksi ni rahisi kulinganisha. Lenzi hailinganishwi hivyo. Ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze, na kamera ya zamani usiiuze kabla hujachapisha picha yake moja.