Je, wajua kwa nini kuongeza nguvu ya leza ya manowari kunaweza kuidhoofisha?

Mwaka 2014 Jeshi la Majini la Marekani lilifunga silaha ya leza ya kilowati 30 kwenye meli yake USS Ponce, katika Ghuba ya Uajemi. Ilitumia leza sita za aina ya zile za kuchomelea vyuma viwandani, miale yake ikielekezwa mahali pamoja. Desemba 2021, USS Portland ilijaribu leza ya daraja la kilowati 150 kwa kulenga shabaha iliyoelea Ghuba ya Aden. Basi si waongeze kilowati tu? Hapana, hewa haikubali.

Leza haipigi kama risasi. Hupasha moto sehemu ndogo, tuseme bawa la droni, mpaka iungue. Mwale lazima utulie palepale kwa sekunde kadhaa bila kutanuka. Juu ya bahari hilo ni kazi: mvuke humeza sehemu ya nishati, chembe za chumvi na ukungu huitawanya nyingine, na hewa ya joto na ya baridi zikichanganyika mwale huchezacheza, kama vitu unavyoviona vikitetemeka nyuma ya jiko la mkaa.

La ajabu zaidi ni hili. Nishati iliyomezwa haipotei. Inapasha moto hewa iliyo njiani. Katikati ya mwale, kwenye mwanga mkali, hewa hutanuka na kuwa nyepesi kuliko ya pembeni. Na kwa kuwa mwanga hupinda kuelekea hewa nzito, mwale hufunguka kwenda nje: hewa imekuwa lenzi ya kuutawanya. Ukizidisha nguvu, lenzi hiyo nayo inazidi, hadi kilowati za ziada zinapunguza makali yanayofika kwenye shabaha.

Upepo wa ubavuni husaidia kuiondoa hewa hiyo ya moto. Droni inayokatiza mbele ya meli nayo ni nafuu, maana mwale unaifuata na kuingia hewa mpya kila mara. Hatari ni kombora linaloijia meli moja kwa moja: mwale unabaki kwenye hewa ileile.

Wahandisi huchagua mwanga wenye urefu wa mawimbi wa takriban mikromita 1 (sehemu ya elfu ya milimita), unaopenya vizuri hewani, na wanafanyia kazi vioo vinavyojikunja kufuata mabadiliko ya hewa, kama vya darubini za wanaastronomia. Vioo hivyo vinaumudu mtikisiko wa hewa vizuri zaidi kuliko vinavyoimudu ile lenzi ya joto. Hata USS Preble, manowari nyingine ya Marekani yenye leza ya zaidi ya kilowati 60, bado inabeba makombora na mzinga wake.