Tunutu wa viungo: chambo bandia kinachopinda kiuno

Tunutu wa viungo ni chambo bandia cha kuvulia samaki kilichotengenezwa kwa vipande viwili au zaidi vilivyoungwa kwa kiungo kinachocheza. Kipande cha mbele kina kichwa, miguu na kifua. Cha nyuma ni tumbo na mkia. Ukikivuta majini, cha nyuma kinafuata kwa kuyumba, kama mabehewa yakikata kona. Kiungo chaweza kuwa waya, uzi mgumu, au cheni ya vigololi, ile inayofungwa kwenye kizibo cha sinki na kwenye funguo za nyumba za wageni.

Tunutu anayeigizwa ni mdudu wa majini ambaye hajapata mabawa. Kereng'ende unaowaona wakitua juu ya matete ya Nyegezi au Igombe, hapa Mwanza, walianzia chini ya maji. Huko hukaa wiki nyingi, wengine miezi, wakiwinda mabuu ya mbu, viluwiluwi na hata samaki wachanga, na wenyewe wakiwindwa. Sangara mdogo, kabla hajakua akaanza kula zaidi samaki wenzake, hula uduvi wadogo wa ziwani na tunutu wa kereng'ende. Sato naye, tuliyezoea kumwita mla mwani, katika Ziwa Victoria hula wadudu pia. Kwa hiyo chambo hiki, ingawa kilikulia kwenye mito ya baridi ya Uingereza na Marekani ambako watu humvua trauti, hakimletei samaki wa kwetu chakula kigeni.

Uvuvi wenyewe wa namna hiyo una jambo moja la kuelewa kwanza. Chambo ni chepesi kiasi kwamba hakirushiki kwa uzito wake. Kinachorushwa ni mshipi, ambao ni mnene na mzito, na chambo kinaburutwa nyuma yake. Ukikijaza vyuma kinakuwa kigumu kurusha na ni hatari kwa kisogo chako. Hapo ndipo cheni inapopendeza: vigololi vyake ni vitupu ndani, hivyo ni vyepesi kuliko risasi ya ukubwa uleule. Kinazama polepole, na tunutu wa kweli naye hazami kama jiwe.

Sasa, kwa nini kiungo? Wengi husema "ili kichezecheze" wakaishia hapo, na nadhani ndiyo sababu vyambo vingi vya viungo havifanani na kitu chochote kilicho hai. Tunutu hawaogelei namna moja. Yule wa kereng'ende mnene, anayetua akiwa ametandaza mabawa, hupumua kwa kuvuta maji kupitia nyuma ya tumbo, na akishtuka huyasukuma nje kwa nguvu na kuchomoka mbele amenyooka. Huyo hahitaji kiungo. Yule wa kereng'ende mwembamba, ambaye wengi wa jamaa zake hukunja mabawa mgongoni wakitua, ana matamvua matatu bapa mwishoni mwa tumbo na huogelea kwa kupinda mwili mzima, kushoto na kulia. Huyu ndiye wa cheni. Chagua mdudu kwanza, kiungo baadaye.

Cheni ya vigololi inafaa kazi hii kwa sababu ya umbo lake. Kila kigololi kimeunganishwa na mwenzake kwa kijiti kifupi cha chuma, na kijiti hicho hugeuka upande wowote lakini hakiruhusu vigololi vijikunje kabisa. Mkia unayumba bila kurudi nyuma na kujisokota kwenye ndoano, tatizo linalowasumbua sana wanaotumia uzi laini. Tafuta vigololi vya milimita 2.4 hivi, vya milimita 3.2 ni vikubwa kwa mdudu mwembamba. Jaribu cheni kwa sumaku kabla ya kununua. Inayonaswa kwa nguvu mara nyingi ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya kung'aa, na kitashika kutu. Shaba nyeupe hainaswi.

Kufunga kwenyewe hakuhitaji karakana. Bana ndoano yenye shingo ndefu kwenye jiliwa, kile kibanio cha fundi, ukaizungushie uzi mwembamba ili cheni isiteleze. Kata cheni yenye vigololi vitano kwa plaizi, na ukate kwenye kijiti, si kwenye kigololi, maana kigololi kikibonyea hakifai tena. Laza viwili juu ya shingo ya ndoano na uvifunge kwa uzi unaopita mkatoni kati yao, kwa kupishanisha, hadi visitikisike. Vitatu vinabaki vikining'inia nyuma ya ndoano. Hivyo vitatu ndivyo tumbo.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, nami nitakaa hapa kidogo. Mtu hutamani kuvisha tumbo lote manyoya ili lipendeze. Kila uzi unaopita kati ya vigololi viwili unakifunga kiungo hicho, na ukifunga viungo vyote umepata fimbo yenye mapambo. Funga manyoya machache laini ya kuku, yale ya chini karibu na ngozi, kwenye kiungo cha mwisho tu. Viungo viwili vilivyotangulia viache uchi. Gundi isikaribie huko kabisa: tone moja la gundi ya papo kwa papo likipenya kwenye kigololi, cheni imekufa. Rangi ya kucha isiyo na rangi inatosha, nayo ni kwa fundo la kichwani peke yake.

Ukitaka kizame kidogo zaidi, zungusha waya mwembamba wa shaba kifuani, kama ule unaopatikana kwa mafundi wanaosuka mota. Uzito ukae mbele, mkia ubaki mwepesi.

Utaona pia vyambo ambavyo ndoano imewekwa nyuma, baada ya cheni. Kwa samaki wadogo sawa. Kwa maji yenye sangara, mimi sishauri. Cheni nyembamba hiyo haikutengenezwa kuvuta samaki anayepambana. Vijiti huchomoka kwenye vigololi, na samaki anaondoka na ndoano mdomoni. Ndoano ikiwa mbele, nguvu yote inapita kwenye mshipi na ndoano, na cheni inabaki na kazi yake ya kuyumba.

Kitabu chochote cha uvuvi huu kitakuonyesha mtu amesimama ndani ya maji hadi kiunoni. Pwani za Mwanza zina kichocho, basi simama juu ya mawe au vua ukiwa ndani ya mtumbwi. Mawe hatuna uhaba nayo. Tupa kandokando ya matete, acha chambo kizame, kisha vuta mshipi vipande vifupi vya upana wa kiganja na utulie kati ya mvuto na mvuto. Funga chambo kwa fundo la kitanzi kilicholegea, si fundo lililobana kwenye tundu la ndoano. Fundo lililobana hushika kichwa kikae kimoja na mshipi, na tunutu akawa anapinda nusu tu.