Mbuzi imepanda darini, karai limebaki jikoni

Mama yangu mdogo anakaa Wete. Mwaka jana alipimwa akaambiwa ana presha, na mafuta kwenye damu nayo yamezidi. Akarudi nyumbani, mbuzi ya kukunia nazi akaipandisha darini, kifumbu akampa jirani. Tangu hapo wali kwake unapikwa mkavu, kwa mafuta ya dumu. Nilipokwenda kumjulia hali, Ramadhani ikiwa imebakisha wiki moja kuingia, nilimkuta uani kainamia karai la maandazi, na mafuta yake yalikuwa na rangi ya chai iliyokaa sana jikoni.

"Nazi nimeiacha kabisa, mwanangu," akanambia. "Sasa natumia haya. Wameandika wenyewe, hayana kolesteroli."

Sikubishana naye, maana maandazi nilikuwa nayala. Lakini maneno yake yalinikumbusha mengi ninayoyasikia barazani na madukani, kutoka Konde kule Pemba mpaka Darajani, Unguja mjini. Nimeyakusanya hapa, na kila moja nimeliwekea jibu lake.

"Dumu limeandikwa halina kolesteroli, kwa hiyo ni salama"

Hakuna mafuta ya mmea yenye kolesteroli ya kuhesabika. Kolesteroli, au lehemu, hutoka kwa wanyama: imo kwenye nyama, mayai, samli, maziwa, kamba na pweza. Mwenye kiwanda anayeiandika sifa hiyo kwenye mafuta ya alizeti au mawese ni kama muuza maji anayejisifu kwamba maji yake hayana miba. Hajasema uongo, ila hajakwambia kitu.

Kinachopandisha kolesteroli mbaya mwilini, ile inayoandikwa LDL kwenye karatasi ya majibu, hasa ni aina ya mafuta unayokula. Yapo mafuta ambayo vitabuni huitwa yaliyojaa, na ukiyala kwa wingi ini hulegea katika kazi yake ya kuiondoa LDL kwenye damu. Hapo ndipo madumu yanapotofautiana. Katika kila gramu 100 za mafuta ya nazi, gramu 82 hadi 90 ni mafuta yaliyojaa. Samli ina kama 60, mawese kama 50. Karanga ina 17 hivi, ufuta na zaituni 14, alizeti 11.

Sasa, mafuta mengi ya bei nafuu yanayouzwa kwa dumu au kwa kupima Afrika Mashariki ni mawese yaliyosafishwa na kuchujwa sehemu yake nzito, na asili yake ni Malaysia na Indonesia. Yanamiminika kama maji, rangi ya dhahabu, hayana harufu, lakini mafuta yaliyojaa bado yamo kwa asilimia 40 na ushei. Ukitaka kujua, geuza dumu usome maandishi madogo. Ukiliona neno "palm", ni mawese hayo, hata kama mbele wamechora ua la alizeti.

Na kuhusu presha yenyewe, chumvi ina mkono mkubwa kuliko nazi. Papa wa ng'onda, samaki wa chumvi, mama mdogo hakumwacha.

"Yanayoganda kwenye chupa ndiyo yanayoganda kwenye mishipa"

Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, ndiyo maana asubuhi za kipupwe unayakuta meupe chupani. Ndani ya mwili joto ni nyuzi 37, hayawezi kuganda humo. Mishipa haizibi kama bomba la sinki lililomwagiwa mchuzi. Ni LDL inayojipenyeza kwenye kuta zake, mwaka baada ya mwaka. Dhana hii ingekuwa haina madhara kama isingekuwa na upande wake wa pili: watu huona mafuta ya majimaji wakayaamini yote. Mawese ya dumu ni majimaji.

"Wazee wetu wamekula nazi umri wao wote na hawakujua presha"

Hili ndilo gumu, na anayelisema si mjinga. Watafiti wenyewe walilifuata mpaka visiwa vya Bahari ya Pasifiki, Pukapuka na Tokelau, na matokeo yakachapishwa mwaka 1981. Watu wa Pukapuka walipata kama asilimia 34 ya nguvu yao ya chakula kutoka kwenye nazi. Wa Tokelau asilimia 63. Kolesteroli ilikuwa juu zaidi Tokelau, kama ilivyotarajiwa. Lakini magonjwa ya moyo na mishipa yalikuwa machache kote kuwili.

Wapenzi wa nazi husimama hapo. Mimi naendelea kidogo. Watu wale walikula nazi pamoja na samaki na vyakula vya shambani. Sukari ilikuwa adimu, chumvi kidogo, na siku nzima walikuwa kwa miguu au baharini. Bibi zetu nao hivyo hivyo: nazi ilikunwa kwa mkono, ikatiwa kwenye mbaazi, kisamvu au samaki, na aliyeila alikwenda shambani kuchuma karafuu. Hakuna aliyemaliza siku yake kwa chipsi na soda mbili. Na tukisema hawakujua presha, tukumbuke pia kwamba hapakuwa na mtu wa kuwapima.

Kosa la mama mdogo, kwa maoni yangu, ni kuhukumu tui kwa makosa ya mafuta. Tui si mafuta matupu. Nyama ya nazi moja iliyokomaa, tuseme gramu 400, ina mafuta kama gramu 130, na si yote yanayotoka. Mengine hubaki kwenye chicha. Chungu kilichoungwa kwa nazi hiyo kikiliwa na watu wanane, kila mmoja amepata gramu 10 hadi 15. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yaliyojaa yasizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, ambayo kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000 ni gramu 22 hivi. Wali wa nazi una nafasi yake humo. Taabu inaanza siku ambayo wali ni wa nazi, mchuzi ni wa nazi, maharage ni ya nazi, na jioni kuna kitumbua. Kung'uta tui la pili, ukaliacha tui bubu, lile zito la kwanza, kwa ajili ya wageni, hupunguza bila ya kunyima ladha.

"Mafuta ya nazi ni dawa: hupunguza uzito, huyeyusha kitambi"

Hii imetoka mtandaoni, wala si ya bibi zetu. Inaegemea aina fulani ya mafuta mepesi ambayo mwili huyatumia haraka, na ni kweli yamo kwenye nazi, lakini ni machache. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ambayo kwa sehemu kubwa hupita njia ile ile ya mafuta mengine. Mwaka 2020 yalikusanywa majaribio 16 yaliyolinganisha mafuta ya nazi na mafuta ya mimea mingine isiyo ya jamii ya minazi na michikichi. LDL ilipanda kwa kiasi cha miligramu 10 kwa kila desilita. Kolesteroli nzuri nayo ilipanda kidogo, ila uzito haukupungua. Kunywa kijiko cha chakula kila asubuhi, basi, ni kula zaidi ya nusu ya ile gramu 22 kabla hata ya chai. Kwenye nywele endelea kuyapaka.

"Mafuta yakichujwa huwa mapya"

Kama ningepewa ruhusa ya kumwambia mama mdogo jambo moja tu, ningemwambia hili, na nazi ningeiacha ikae.

Ramadhani kila nyumba inakaanga. Sambusa, katlesi, bajia, kachori, na viazi vya karai, vyote vinaingia karai moja, na ikifika magharibi mafuta yanachujwa kwa kitambaa yakarudi chupani yangoje kesho. Kitambaa huondoa makombo. Hakiondoi kilichoharibika. Mafuta yakipata moto mkali, hewa na unyevu wa chakula, huvunjika na kuungana upya kuwa vitu vingine vinavyokera koo na utumbo, na vinavyoshukiwa kuudhuru moyo na mishipa kwa muda mrefu. Ulaya wapo wanaopima vitu hivyo kwenye mafuta ya mikahawa, na yakizidi robo ya mafuta yote yanamwagwa kwa sheria. Sisi tuna macho na pua: mafuta yamekuwa meusi, yanatoa povu lisilotulia, yananata kidoleni, yanafuka moshi kabla hata chakula hakijatiwa, au sambusa ya nyama inanuka samaki wa jana. Lolote katika hayo likitokea, yamekwisha.

Hapa kuna jambo wengi hawalitarajii. Alizeti, ambayo nimeisifu hapo juu, huharibika haraka zaidi karaini kuliko mawese, kwa sababu mafuta yake mengi ni ya aina laini isiyostahimili moto wa kurudia. Wenye mabanda ya chipsi hupenda mawese kwa bei, lakini pia kwa ustahimilivu wake. Kwa hiyo anayenunua alizeti ghali halafu akaikaangia siku kumi amelipa zaidi kupata kibaya zaidi. Kwa nyumbani, karai dogo lenye mafuta kidogo, ukakaanga mara mbili tatu za siku za karibu na kuyamaliza, linashinda karai kubwa lililojaa. Usiongeze mapya juu ya makuukuu, maana makuukuu huyaharibu mapya. Yanayongoja kesho yafunikwe, yakae mbali na jua.

"Alizeti ni nyepesi, mimina tu"

Gramu moja ya mafuta yoyote ina kilokalori 9. Kijiko kimoja cha chakula ni kilokalori 120, kiwe cha alizeti, cha nazi au cha zaituni iliyotoka Italia. Fanya hesabu ya nyumbani kwako: lita tano kwa mwezi, watu watano, ni kama gramu 30 kwa kila mtu kila siku, kabla hujahesabu tui, nyama na karanga. Mimi nilipoifanya ya kwangu niliacha kumimina kutoka kwenye dumu nikanunua chupa ndogo na kijiko.

"Mafuta mazuri ni zaituni peke yake"

Zaituni ni nzuri, na si kweli kwamba haiwezi kupikiwa. Mchuzi na mboga za majani inazimudu vizuri. Ila bei yake si ya kila mtu. Wazanzibari walikuwa na mafuta ya uto, yaani ya ufuta, na mjini Unguja vilikuwako vinu vya kuyakamua vilivyozungushwa na ngamia. Ufuta unakaribiana na zaituni kwa uchache wa mafuta yaliyojaa, na harufu yake peke yake inatosha kufanya mchicha uliwe.

Mawese mekundu ya Pemba nayo yana kingine ambacho ya dumu hayana: ile rangi ni karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A. Ukiyachemsha mpaka yakawa meupe umeiunguza yote. Siagi za kopo na mafuta mazito ya mkebe, soma kama pameandikwa "partially hydrogenated", yaani mafuta ya majimaji yaliyogandishwa nusu kiwandani. Ndiyo mafuta mabaya kuliko yote, na Shirika la Afya Duniani lilianza kampeni ya kuyaondoa duniani mwaka 2018. Samli ya biriani sitaigusa. Biriani halipikwi kila siku.

Jumamosi nilimpigia simu mama mdogo nikamsomea sehemu ya karai. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama wali wa nazi umeruhusiwa au la. Nikamwambia mara moja moja, kwa tui jepesi, na chumvi apunguze. Mbuzi keshaishusha darini. Kifumbu, jirani anasema hakumbuki kupewa.